Asilimia Isituzuge!



Chukueni shule ya kijijini yenye watahiniwa 10 wa darasa la saba. Mmoja akiingia kwenye mtihani na malaria, akafeli, ufaulu umeporomoka kwa asilimia 10. Shule ya mjini yenye watahiniwa 200, mmoja huyo ni nusu asilimia tu! Halafu kigogo anapanda jukwaani: "Walimu wazembe!" Walimu gani? Wawili wenye madarasa saba?

Mwaka 2012 mtihani huo ulifanywa wote wa kuchagua jibu, hata hisabati. Asiyejua kusoma naye aliweza kubahatisha. Sasa asilimia ile ilipima nini?

Januari 2023 Baraza la Mitihani liliacha kutangaza shule kumi bora. Vema. Lakini kufuta orodha hakuleti mwalimu wala dawati.

Wewe uliyekuja mjini ukitokea shule hizo, mgombea akija kujisifia asilimia, mbane: Walimu wangapi? Walioanza la kwanza wangapi, waliofika la saba wangapi? Wangapi wanasoma ukurasa mmoja wakauelewa? Akibabaika, mnyime kura.