Wakati wa Kupogoa Mwasumini



Leo nataka kuzungumza nanyi juu ya mwasumini, mmea utambaao kwenye chanja na nyua za pwani yetu, ambao maua yake hutungwa makoja na kutiwa katika vikuba. Watu wengi huupanda, huumwagilia maji, kisha huuacha uende upendavyo. Baada ya miaka michache huwa kichaka kikubwa chenye majani mengi na maua haba. Siku za harusi zikifika, mwenye mti hana cha kuuza.

Sababu ni hii. Mwasumini wetu huchanua kwenye ncha za machipukizi mapya. Tawi la zamani lililokwisha kuwa gumu kazi yake ni kuzaa machipukizi. Kwa hiyo mwenye kukata matawi ya zamani hapunguzi maua, bali huyaita. Lakini akikata wakati machipukizi yamekwisha kushika matumba, huyatupa maua yake kwa mkono wake mwenyewe. Ndiyo maana nauweka wakati wa kukata mbele ya namna ya kukata.

Hapa pwani wakati ufaao ni mwisho wa Kusi, yaani tangu katikati ya Agosti mpaka mwanzo wa Septemba. Siku hizo joto ni dogo na maua ni machache. Mvua za vuli zikija, machipukizi hupata maji, na joto la Kaskazi likiingia maua huwa mengi. Tangu kukata mpaka kuchuma kwa wingi, hesabu miezi miwili hata mitatu. Wakulima wa Madurai, kusini mwa India, wenye kulima asumini ya aina hii hii kwa biashara, hukata wakati wao wa baridi ili wachume wakati wa joto.

Najua mama mmoja atasema, “Bwana Shamba, hata Agosti napata kisahani kimoja cha kuuza.” Ni kweli, na fedha ya leo haidharauliwi. Basi mwenye mashina mengi akate nusu yake Agosti, na nusu ya pili wiki tatu baadaye. Hivyo hatakaa bila maua kabisa.

Tena tazameni kalenda ya harusi. Harusi nyingi hufanywa kabla ya Ramadhani, na Ramadhani hurudi nyuma siku 10 au 11 kila mwaka. Ya mwaka 2027 inatazamiwa kuanza karibu na tarehe 8 Februari. Aliyekata Septemba atakuwa na maua tele mwezi wa Januari. Ya mwaka 2030 inatazamiwa mwanzoni mwa Januari. Atakayechelewa kukata mpaka Oktoba 2029 atachuma watu wakiwa katika saumu, na maua hayawekeki.

Katika kukata, tumia kisu kikali au mkasi wa kupogolea. Panga huupasua mti. Ondoa kwanza matawi makavu na yenye ugonjwa, kisha yaliyo membamba mno. Mashina yaliyobaki yakate yafike magotini, kila moja kwa mshazari juu kidogo ya jicho. Mti uliopandwa mwaka huu usiukate hivyo. Punguza ncha tu. Halafu tia nusu debe ya samadi iliyooza kuzunguka shina, na mvua ikichelewa mwagilia maji. Kukata bila kutia samadi ni kuuchosha mti bure.

Maua ya kwanza yakiisha, kata ncha zilizokwisha kuchanua. Zitatoka nyingine.

Walio bara kwenye baridi wana yasmini nyingine itambaayo, yenye matumba ya rangi ya waridi. Hiyo huchanua kwenye matawi ya msimu uliopita, nayo hukatwa mara tu maua yanapokwisha. Akiikata kabla ya kuchanua kwa kufuata maneno yangu ya mwasumini, hatapata ua mwaka huo.

Vipande mlivyokata msivichome moto. Chagueni vilivyokomaa kidogo, vyenye macho matatu au manne, mvichomeke katika mchanga wenye unyevu chini ya kivuli. Jirani asiye na mwasumini atavinunua vikishatia mizizi.