Sufuria ya Uji wa Mtoto

Leo tuzungumzie sufuria.

Sufuria nyingine huundwa kwa kuyeyusha vyuma chakavu, kama vipuri vya magari. Vipimo vilivyochapishwa mwaka 2017, vya sufuria kutoka nchi 10, Kenya ikiwemo, vilionyesha kuwa baadhi yake hutoa madini ya risasi wakati wa kupika. Risasi haina ladha wala harufu, lakini hudhuru ubongo wa mtoto, hata aliye tumboni.

Mama, huna haja ya kutupa vyombo vyako vyote. Fanya hivi:

1. Ukiweza, nunua sufuria moja ndogo ya chuma kisichoshika kutu, iwe ya chakula cha mtoto.

2. Vyakula vichachu huyeyusha madini zaidi. Uji uliochachushwa, nyanya, ndimu na ukwaju, vipikie humo.

3. Usilaze chakula ndani ya sufuria. Kihamishie kwenye bakuli safi lenye kifuniko.

4. Usikwangue sufuria kwa ndani mpaka ing'are. Ioshe kwa sabuni na kitambaa laini.