MOTO HAUNGOJI GARI LITOKE ARUSHA

(Haya ni maneno ya mwandishi wetu wa kujitegemea, kama alivyoyasoma mbele ya wafanyabiashara, wazee na vijana mjini Karatu.)

 

Mimi si mtaalamu. Nimeishia kidato cha nne, na kazi yangu ni kalamu na daftari. Lakini nilipokuwa kidato cha pili, katika shule ambayo leo sitaitaja, bweni letu liliwaka usiku. Mlango wa nyuma ulikuwa na kufuli, eti tusitoroke. Tulitokea mlango mmoja, tukikanyagana. Zimamoto yetu ilikuwa ndoo na mchanga. Hakufa mtu, ni Mungu tu.

Wenzetu hawakupata bahati hiyo. Shauritanga, Rombo, Juni 1994, zaidi ya wasichana 40 waliteketea bwenini. Idodi, Iringa, Agosti 2009, wasichana 12. Kila mara wakubwa walifika na salamu za rambirambi.

Ndugu zangu, tufanye hesabu ya darasa la nne. Kutoka Arusha mjini mpaka hapa Karatu ni kama kilomita 150. Gari la zimamoto lililojaa maji si teksi. Tulipe mwendo wa kilomita 75 kwa saa bila kusimama: ni saa mbili, na mlima wa Mto wa Mbu bado haujalipunguza kasi. Chumba chenye magodoro na viti vya sponji kinaweza kushika moto chote ndani ya dakika tano. Sasa gari hilo linakuja kuzima nini? Linakuja kuhesabu majivu.

Na Karatu si mwisho wa safari. Mbele kuna lango la Loduare, kisha kona na ukungu mpaka ukingo wa kreta, zaidi ya mita 2,200 juu ya usawa wa bahari, kwenye hoteli na nyumba za wafanyakazi. Hifadhi peke yake ina zaidi ya kilomita za mraba 8,000. Loliondo iko mbali zaidi. Anayesema gari moja linatosha wilaya hizi mbili, huyo hajawahi kusafiri ila kwa shangingi.

Jambo la pili ni maji. Mara nyingi tunasikia kelele: "Zimamoto wamekuja bila maji!" Kuna mahali wananchi huwapiga mawe askari. Tusiwaonee. Gari lenye tangi la lita 5,000 likimwaga lita 1,000 kwa dakika, dakika tano zimetosha, tangi kavu. Baada ya hapo askari anahitaji bomba la barabarani la kuchotea maji, lenye nguvu, jirani na moto. Niambieni, sokoni kwetu liko wapi? Karatu mama anaamka alfajiri kutafuta ndoo ya maji. Kununua gari bila kuweka maji ni kununua bunduki bila risasi.

Jambo la tatu: jeshi hili linaitwa la Zimamoto na Uokoaji. Tarehe 6 Mei 2017 basi la Shule ya Lucky Vincent ya Arusha lilitumbukia korongoni hapo Rhotia. Watu 35 walikufa: wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Walionusurika ni watoto watatu tu. Wa kwanza kushuka korongoni walikuwa wanakijiji na wapita njia, wakiwamo Wamarekani waliokuwa safarini. Barabara ile inapita mamia ya magari ya watalii. Mashine ya kukata vyuma inatakiwa ikae kando ya barabara hii, siyo mkoani.

Sasa tumuulize nani? Zamani zimamoto ilikuwa chini ya halmashauri. Sheria Namba 14 ya mwaka 2007 ikaunda jeshi moja chini ya Wizara ya Mambo ya Ndani. Ukimuuliza diwani, anasema si lake. Ukiuliza wizara, unaambiwa bajeti haitoshi. Wanatupiana mpira, nyumba inaungua.

Lakini ada ya ukaguzi wa zimamoto haina bajeti finyu! Mwenye duka, mwenye gesti, mwenye hoteli, wote wanadaiwa. Risiti inafika mapema kuliko gari. Na gari moja la kitalii likishuka kreta linalipa zaidi ya dola 200. Fedha hizo zinapita mbele ya macho yetu kila asubuhi. Je, ni dhambi kudai kipande chake kirudi kama kituo?

Mimi ninapendekeza manne. Kwanza, Karatu mjini pawe na kituo chenye gari zaidi ya moja, na Ngorongoro iwe na chake. Pili, mamlaka ya maji iweke mabomba ya zimamoto sokoni, stendi na hospitalini. Tatu, ada za ukaguzi zilizokusanywa wilayani zibandikwe ukutani, tuzisome. Nne, hili halihitaji serikali: wazazi, nendeni shuleni wiki hii. Kagueni mlango wa pili wa bweni. Mkikuta kufuli, msiondoke mpaka limefunguliwa.

Namba ya dharura ni 114. Ishikeni. Lakini namba si gari.

Wahenga walisema, ukiona mwenzako ananyolewa, zako tia maji. Sisi tumeona Shauritanga, tumeona Idodi, tumeona Rhotia. Maji ya kutia yako wapi?