Nyumba ya Gavana Kumbe ni Shule

(Mazungumzo ya mwanakisomo mmoja wa Soitsambu, wilaya ya Ngorongoro, mbele ya wenzake siku ya darasa.)



Mliniambia nikirudi kutoka Nairobi nije niwaeleze niliyoyaona. Haya, nimekuja. Sitasema habari za magorofa wala magari, maana hizo mmeshazisikia kwa wengine. Nitasema habari ya shule moja na chuo kimoja. Nimechagua hayo kwa sababu ya ile karatasi aliyonayo mwenyekiti. Sote tunajua kuna watu wameomba kulitumia darasa letu hili kwa siku nne, wapige filamu ya televisheni. Kijiji bado hakijajibu.

Mdogo wangu ameolewa Ngong, nchi ya Kenya. Mwanawe anasoma Nairobi School, shule ya sekondari ya wavulana, wanalala hapo hapo. Siku ya wazazi kuwatembelea watoto ilipofika, mdogo wangu alikuwa anaumwa mguu. Akanipigia simu, akasema, "Dada, nenda wewe. Na wewe ni mama yake." Basi nikauza mbuzi mmoja, nikashika njia ya Narok.

Nilifika shuleni saa nne asubuhi. Mtoto akanipokea, akainamisha kichwa nimguse, kama alivyofundishwa na mama yake. Nikafurahi kuona kwamba mji haujamwondolea adabu. Akanitembeza. Tukafika mbele ya jengo kubwa la zamani ambalo ndani yake ziko ofisi za shule. Akasema, "Yeyo, unaiona hii? Hii ni nyumba ya gavana."

Nikamwuliza, "Tangu lini gavana akakaa na wanafunzi?"

Akacheka sana. Halafu akanieleza. Mwaka 1985 walikuja watu wa sinema kutoka Marekani. Walikuwa wanatengeneza filamu iitwayo Out of Africa. Filamu hiyo inahusu mama mmoja wa Denmark aliyeitwa Karen Blixen. Alikuja Kenya mwaka 1914, akalima kahawa chini ya milima ya Ngong, shamba likamshinda, akarudi kwao mwaka 1931. Sasa katika hadithi hiyo yumo gavana wa Kiingereza, kwa hiyo ilitakiwa nyumba ya gavana. Lakini nyumba yenyewe ya gavana siku hizi ndiyo Ikulu ya Rais wa Kenya. Basi wakalitumia jengo hili la shule, kwa sababu linafanana na nyumba za magavana wa zamani. Na kufanana huko si bahati tu. Mchoraji wa majengo yote mawili ni yule yule, Mwingereza aliyeitwa Herbert Baker.

Nikaona kibao kidogo, nikakisogelea nikasoma polepole, herufi kwa herufi, mtoto ananisubiri. Hapo nikauliza, shule hii ilifunguliwa lini? Akasema mwaka 1931. Wakati ule ilikuwa ya watoto wa Wazungu, nayo iliitwa Prince of Wales School.

Sasa ninyi wenzangu tuliofundishwa hesabu pamoja, hebu pigeni hesabu hiyo. Mama yule alikuja mwaka 1914. Shule ilifunguliwa mwaka 1931, mwaka ule ule aliofunga mizigo yake. Kwa hiyo siku alipofika Kenya, jengo hili halikuwapo hata msingi. Lakini katika sinema mnamwona huko, mgeni wa gavana. Mtoto mwenyewe hakuwahi kuifikiria hesabu hiyo. Nilijivuna kidogo, siwafichi.

Jioni nikarudi Ngong kwa mdogo wangu. Ana televisheni, na jirani yake anayo filamu hiyo. Akaileta, tukaitazama mpaka usiku. Ni ndefu. Ni nzuri kwa macho, milima ile inapendeza. Ilipata tuzo saba kubwa za sinema huko Marekani mwaka 1986. Nikamwona gavana na jengo la mtoto wetu. Nikamwona mama yule anapiga magoti mbele ya gavana, anawaombea ardhi Wakikuyu waliokuwa wakikaa shambani kwake, wasije wakatawanywa shamba likiuzwa. Hapo hakuna aliyesema neno mle ndani. Wazee wa hapa mnajua kuombea watu ardhi ni kitu gani.

Halafu wakaja simba. Mimi nikasema, simba hawa mbona wana tabia ya mbwa? Mwenye filamu akajibu kwamba ni kweli, simba wale walifundishwa, wakaletwa kutoka California, Marekani. Mnasikia hayo? Simba wa kuletwa Kenya! Sisi huku tunalala macho kwa ajili ya simba, wenzetu wanawasafirisha ng'ambo kuwaleta tena Afrika. Na yule mtumishi Msomali wa mama yule, Farah, ambaye kweli alikuwapo, katika filamu ameigizwa na mtu wa Mali, Malick Bowens. Basi nikaanza kuuliza kila kitu, hiki ni cha kweli au cha kuazima? Mdogo wangu akaniambia, "Dada, tazama basi, utatuharibia."

Kesho yake tukaenda Karen, maana kutoka Ngong si mbali. Mahali hapo panaitwa Karen mpaka leo. Nyumba ya mama yule ipo, jina lake Mbogani. Nataka mnisikilize vizuri hapa. Kenya ilipopata uhuru, serikali ya Denmark iliinunua nyumba hiyo na kuitoa zawadi kwa serikali ya Kenya. Kikaanzishwa chuo hapo, chuo cha mambo ya chakula na lishe, na nyumba ikawa ndani ya eneo la chuo. Watu wa sinema walipokuja, nyumba ya kweli ilikuwa hapo inatazamana nao. Lakini hawakupigia filamu humo ndani. Walitumia nyumba nyingine iliyo karibu, iitwayo Mbagathi. Huko mama yule alikaa kwanza, toka mwaka 1914 hadi 1917, kabla hajahamia Mbogani.

Ndipo filamu ilipowafanya watu waiulizie nyumba yenyewe. Idara ya makumbusho ya Kenya ikaipata, na mwaka 1986 ikafunguliwa kuwa makumbusho. Sasa wageni wanalipa kiingilio. Ndani mna vitu vyake vya kweli, na mna vitu vingine vilivyotumika katika filamu. Mimi nilisimama mbele ya buti za kupandia farasi, nikamwuliza kiongozi wetu, hizi ni za nani, za mama au za sinema? Akasema za sinema. Mzungu mmoja aliyekuwa karibu nami alishakwisha kuzipiga picha.

Mtoto wetu alinipa mfano mwingine wa Marekani kwenyewe. Katika mji wa Los Angeles kipo chuo cha watu wa kawaida, kiitwacho Los Angeles City College. Kilianza mwaka 1929. Kuanzia mwaka 2009 televisheni ya huko ilionyesha mchezo wa kuchekesha uitwao Community, unaohusu chuo kiitwacho Greendale, katika jimbo la Colorado. Greendale hakipo. Uwanja na majengo mnayoyaona kwa nje ni ya chuo hicho cha Los Angeles, jimbo jingine kabisa. Chuo kilikubali kuitwa jina lisilo lake, na masomo yakaendelea.

Na hapa kwetu? Wazee wanakumbuka sinema ya Hatari, iliyotoka mwaka 1962. Walikuja na John Wayne, wakapiga picha Momella karibu na Arusha, na Ngorongoro.  Waigizaji walipanda magari wakawakimbiza wanyama kweli. Na mwaka 2011 sote tuliona kamera zilivyomiminika Samunge, watu wa nchi nzima walipomfuata Mchungaji Ambilikile Masapila kwa kikombe chake. Kwa hiyo kamera si mgeni wilayani kwetu.

Sasa nije kwenye jambo langu. Baadhi yenu mnalijua, wengine hamlijui.

Mwaka 2009, mwaka wa ule ukame mkubwa, walikuja watu kwenye boma letu na gari. Sitawataja, na hata ningetaka, jina lao sikuweza kulisoma. Walimwomba mama yangu achote maji korongoni mbele ya kamera. Alichota. Wakamwambia arudie, akarudia mara tatu, na mtungi umejaa. Halafu wakatoa karatasi ya Kiingereza. Mama akaweka dole gumba. Mimi nikaweka dole gumba kama shahidi. Walitupa sukari kilo mbili na fedha kidogo, tukawashukuru.

Baada ya miaka miwili binamu yangu alikuwa Arusha, anakula hotelini. Akamwona mama kwenye televisheni. Alimjua kwa shanga na kwa mwendo wake. Maneno yalisema kwamba mwanamke huyu amekimbia vita nchini kwake, wanawe wamekufa njiani.

Mama yangu hakuwahi kukimbia vita. Alizaa watoto sita na wote tupo, mmoja ndiye huyu anayesema nanyi. Binamu alipoleta habari hiyo, mama hakulia. Aliuliza tu, "Wamesema mmekufa?" Alikuwa akiliuliza tena na tena, hata usiku. Unajua kwetu mtu hamtangazii mwenzake kifo cha watoto walio hai. Alifariki mwaka 2016. Picha ile haikufa, mtu yeyote aliyenayo anaweza kuionyesha hata leo. Na dole gumba langu lipo chini ya karatasi yake. Mwalimu aliponiuliza kwa nini nakuja kisomoni na umri huu, sikumjibu. Sasa amesikia.

Niliposimama mbele ya jengo la Nairobi School nilikuwa nafikiri hayo. Nilijiuliza mbona hili la shule halinichomi, tena limenichekesha, na lile la mama linanichoma mpaka leo? Yote mawili ni kitu kimoja kuitwa kitu kingine. Nikaona hivi. Jengo likiitwa nyumba ya gavana halisikii. Wanafunzi wanalitania, kengele inapigwa, wanaingia darasani. Tena Out of Africa ilijulikana ni sinema, na Malick Bowens alijua anaigiza Msomali. Aliyajua maneno yake kabla ya kuyasema. Mama yangu hakuambiwa kwamba anaigiza.

Kwa hiyo mimi sisemi tukatae. Wengine mmeanza kunong'ona kwamba nimekuja kuwanyima fedha za bati za darasa. Hapana. Bati tunazihitaji, mvua inatunyeshea sote, hata mimi. Ninasema tusome kwanza. Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza, ya mwaka 1976, inamtaka mtu awe na kibali kabla ya kupiga filamu. Basi tuombe tukione kibali hicho, tukisome sisi wenyewe. Darasa hili ni la kijiji, basi jibu litoke kwenye mkutano wa kijiji. Lisitoke kwa mtu mmoja aliyekutwa njiani.

Mwenyekiti amefanya jambo zuri, nampongeza. Karatasi ya kwanza ilikuwa ya Kiingereza, akairudisha. Imekuja ya Kiswahili, kurasa mbili. Jana alinipa niisome. Ilinichukua toka adhuhuri mpaka mbuzi waliporudi. Mengi ni sawa. Fedha imetajwa. Siku zimetajwa, nne. Wanasema wataacha darasa safi, ingawa hawasemi dawati likivunjika nani analipa, na hilo tuliandike.

Lakini kuna kifungu cha sita. Kinasema kwamba mahali hapa "pamoja na watu watakaoonekana" panaweza kuonyeshwa kwa jina lolote na kwa habari yoyote. Nilikirudia mara nne nikidhani sijui kusoma. Darasa kwa jina lolote, sawa, waliite hata Greendale. Lakini hayo maneno matatu, "pamoja na watu", yameingiaje hapo? Watoto wetu watakuwa wanapita uwanjani. Akina mama watakuwa wanakuja kisimani. Wataitwa nani? Watasemwa wamefiwa na nani? Mimi naomba maneno hayo yafutwe, au waandike kwamba kila mtu ataambiwa kwanza habari anayowekwa ndani yake, kwa lugha anayoielewa, na akikataa ameachwa.

Huenda nimekosea kuelewa. Mwalimu yupo, atanisahihisha. Karatasi hii hapa. Mama wa pale mbele, wewe una miwani mpya na sauti yako inafika nyuma. Anza kifungu cha kwanza, soma polepole, na asiyeelewa neno aseme.