Maneno Yetu Mingoyo Juu ya Maswali ya Korti na Rufani



Hapa ni njia panda ya Lindi, Masasi na Mtwara. Watu hawakosi, wala kesi hazikosi. Mara nyingi twasikia mfungwa akilalamika: "Nimefungwa kwa maswali ya mwendesha mashtaka." Huenda ni kweli. Lakini rufani yataka zaidi ya uchungu.

Mwendesha mashtaka anapomhoji shahidi wake mwenyewe, hana ruhusa kumtilia jibu kinywani. "Ulimwona huyu akibeba gunia la korosho usiku?" Swali hilo lina jibu ndani yake. Aulize: "Uliona nini?" Ndivyo isemavyo Sheria ya Ushahidi ya 1967, isipokuwa kwa mambo yasiyobishaniwa, au hakimu akiruhusu. Wewe mshitakiwa, zamu yako ikifika kumhoji shahidi huyo, wewe waruhusiwa kuuliza hivyo. Nasi twasimama kizimbani na kusema "sina swali"! Hasara kubwa.

Basi swali baya likiulizwa, lipinge pale pale, hakimu aandike. Majaji wa rufani hawakuwapo. Wao husoma yaliyoandikwa. Na hata wakiliona kosa, hukumu haitanguki ila haki iwe imeharibika. Watajiuliza: jibu lile likiondolewa, ushahidi uliobaki watosha kumtia mtu hatiani?

Jalada likishafungwa, kulifungua ni kazi. Tazameni jirani zetu wa Kenya. Tarehe 8 Aprili 1953, Jomo Kenyatta na wenzake watano walitiwa hatiani Kapenguria, wakapewa miaka 7 na kazi ngumu. Mawakili walikuwa hodari, wakiongozwa na Pritt wa Uingereza. Katika rufani akashinda Achieng Oneko peke yake, naye hakuachiwa huru. London ikakataa kuwasikiliza wengine mwaka 1954. Mwaka 1958 shahidi Rawson Macharia akaapa kwamba alisema uongo kwa kuahidiwa masomo Uingereza. Aliyefungwa kwa kiapo hicho ni yeye Macharia, na Kenyatta akabaki kizuizini hadi 1961.

Kwa hiyo msilale. Ukihukumiwa na Mahakama ya Wilaya, toa taarifa ya kukata rufani ndani ya siku 10, na hati ya rufani ndani ya siku 45. Siku za kungojea nakala ya hukumu hazihesabiwi. Aliye gerezani ampe hati yake mkuu wa gereza. Kwa Mahakama ya Mwanzo ni siku 30, na rufani huenda Wilayani.