Kambi ya Gilgil na Mizizi ya Utaifa Mkali wa Kiyahudi

(Hotuba iliyosomwa mbele ya mkutano wa wanafunzi wa zamani, Tarime)



Nimeombwa nizungumze juu ya historia. Najua mlitegemea habari za mpaka ambao Wajerumani na Waingereza waliuchora katikati ya Wakurya. Leo nauvuka mpaka huo. Ukipita Sirari, ukaenda Kisii na Kericho hadi Nakuru, kisha ukashika njia ya Nairobi, utafika Gilgil. Hapo, tangu Machi 1947 hadi Julai 1948, serikali ya Kiingereza iliwaweka kizuizini Wayahudi waliotolewa Palestina.

Walikuwa nani? Walituhumiwa kuwa watu wa vikundi viwili vya siri, Irgun na Lehi. Fikra zao zilitokana kwa sehemu kubwa na Vladimir Jabotinsky. Mwaka 1923 aliandika kwamba Waarabu wa Palestina hawatakubali kwa hiari nchi yao iwe ya Wayahudi, kama wenyeji wa nchi yoyote wasivyowakubali walowezi. Hivyo Wayahudi wategemee nguvu. Huo ni mzizi wa kwanza.

Mzizi wa pili ni maangamizi. Wanazi waliwaua Wayahudi milioni 6 katika Ulaya. Wakati huo huo Uingereza, kwa tamko lake la mwaka 1939, ilikuwa imeweka kikomo cha wahamiaji 75,000 kuingia Palestina kwa miaka 5. Kijana aliyepoteza wazazi wake Poland hakutaka tena kusikia neno subira. Februari 1944 Menachem Begin, mkuu wa Irgun, ambaye wazazi wake nao waliuawa na Wanazi, alitangaza uasi. Novemba mwaka huo Lehi walimwua Lord Moyne, waziri wa Kiingereza, mjini Cairo. Julai 1946 Irgun walilipua hoteli ya King David, Yerusalemu. Walikufa watu 91, Waarabu, Waingereza na Wayahudi.

Mzizi wa tatu ni kizuizi chenyewe. Oktoba 1944 Waingereza waliwachukua watu 251 kwa ndege hadi Eritrea. Baadaye wengine walipelekwa Sudan, na mwishowe Gilgil. Walidhani umbali utazima moto. Lakini Yitzhak Shamir wa Lehi alitoroka Eritrea mwaka 1947 akapitia Djibouti. Yaakov Meridor wa Irgun alitoroka Gilgil mwaka 1948, akapitia Kongo ya Wabelgiji. Shmuel Tamir alitumia kizuizi chake cha Kenya kusomea sheria. Waliobaki walirudishwa Julai 1948, taifa la Israeli likiwa na umri wa miezi miwili.

Begin aliunda chama cha Herut, kikapata viti 14 kati ya 120 mwaka 1949. Wengi waliwaona kuwa watu wa pembeni. Lakini mwaka 1977 Begin akawa Waziri Mkuu, Tamir akawa Waziri wa Sheria, na mwaka 1981 Meridor naye akapata uwaziri. Mwaka 1983 Shamir alishika nafasi ya Begin.

Tuwe wa haki. Begin huyo huyo alifanya amani na Misri mwaka 1979 na kuirudisha Sinai. Shamir na wenzake walimkataa Meir Kahane, aliyeingia Bungeni mwaka 1984 akitaka Waarabu wafukuzwe, na chama chake cha Kach kilizuiwa kugombea mwaka 1988. Lakini wanakijiji zaidi ya 100 wa Deir Yassin walikwisha kuuawa na Irgun na Lehi, Aprili 1948, na Wapalestina wapatao 700,000 walipoteza makazi yao katika vita vile. Februari 1994 mfuasi wa Kahane aliwaua Waislamu 29 wakiwa katika sala, Hebroni. Desemba 2022 Itamar Ben-Gvir, aliyekuwa kijana wa Kach, aliapishwa kuwa waziri.

Vijana, kwa nini nawaeleza haya hapa Tarime? Kwa sababu nanyi mmekulia mahali ambapo koo zimepigana kwa mishale na mapanga juu ya mashamba na ng'ombe. Kila ukoo una orodha ya wafu wake, na orodha hiyo ni ya kweli. Wayahudi wa Gilgil nao walikuwa na orodha ya kweli, ndefu kuliko zote. Hata hivyo haikumrudishia uhai yeyote wa Deir Yassin, ambaye hakuhusika na mauaji ya Ulaya.

Basi mtakapokuwa wazazi, waelezeni watoto jinsi babu zao walivyodhulumiwa, msiwafiche. Ila siku hiyo hiyo waelezeni na wale ambao babu zao waliwadhulumu. Hapa shuleni mtoto wa ukoo huu hulala kitanda cha chini na wa ukoo ule kitanda cha juu. Anzeni huko bwenini kuulizana.