Usiruhusu Ekzosi Yako Itobolewe

*Hotuba ya afisa wa mawasiliano ya kaunti kwa mafundi wa magari na madereva wa matatu, Kitengela*



Nitaanza kwa kukiri kosa langu. Gari langu lilipoanza kukosa nguvu mlimani, fundi mmoja aliniambia katalitiki imeziba na dawa yake ni kuitoboa. Nikakubali. Alilipasua lile kopo la chuma lililo kwenye ekzosi, akavunjavunja kilichokuwa ndani kwa nondo, kisha akalichomelea tena. Yeye alibaki na alichokitoa. Mimi nilibaki na kopo tupu, na gari likabaki bila nguvu. Kumbe tatizo lilikuwa plagi.

Laiti ningejua nilichokitupa! Ndani ya kopo hilo mna kauri iliyotengenezwa kama sega la nyuki, yenye maelfu ya matundu ya kupitisha moshi. Kuta zake zimepakwa oksidi za metali, hasa oksidi ya alumini na ya seriamu. Oksidi ya alumini ina vitundu vidogo mno visivyoonekana kwa macho. Ukizikunjua nyuso zote za gramu moja tu, unapata mita za mraba 100 hivi. Kwa hiyo kopo unaloweza kulishika mkononi lina uso mpana kuliko uwanja wa mpira. Juu ya uso huo zimetawanywa chembe za platinamu, paladiamu na rodiamu. Ni gramu chache tu, lakini bei yake ndiyo inayowavutia wezi.

Kazi yote hufanyika kwenye uso huo. Kaboni monoksidi, gesi inayoua watu ndani ya gereji iliyofungwa, inageuzwa kuwa kaboni dioksidi. Petroli isiyoungua inageuka kaboni dioksidi na maji. Oksidi za nitrojeni, zinazochoma mapafu, zinakuwa nitrojeni ya kawaida. Seriamu ni ghala: oksijeni ikizidi huiweka, ikipungua huitoa. Kichocheo chenyewe hakitumiki kikaisha. Ni kama mshenga: huwakutanisha watu, ndoa ikafungwa, naye akaenda kwa wengine.

Lakini uso ukifunikwa, mshenga hana pa kusimama. Risasi iliyowekwa kwenye petroli zamani iliufunika kabisa. Kenya iliachana na petroli hiyo mwanzoni mwa 2006, na mwaka 2021 Shirika la Mazingira la Umoja wa Mataifa, lenye makao yake Gigiri, lilitangaza kuwa imekwisha kutumika kwenye magari ya barabarani duniani kote. Salfa nayo hung'ang'ania oksidi hizi. Ndiyo sababu mwaka 2015 dizeli yetu ilipunguziwa salfa hadi sehemu 50 kwa milioni.

Maadui waliobaki wako mikononi mwetu. Injini inayokula oili hupaka fosforasi kwenye sega. Plagi mbovu hupitisha petroli mbichi, nayo huwaka ndani ya kopo. Joto likipita nyuzi 1,000, vile vitundu huyeyukiana na kufungamana, na uso ule mpana haurudi tena. Kwa hiyo ni kweli, katalitiki huziba. Lakini kuziba ni dalili. Ukiitoboa, ugonjwa umeuacha kwenye injini.

Ndugu zangu, Jedwali la Nne la Katiba limezipa kaunti kazi ya kudhibiti uchafuzi wa hewa. Lakini kaunti haiwezi kulala chini ya kila gari. Ninyi mafundi ndio mnaolala huko.

Ninaomba mambo machache. Fundi, kabla ya kugusa ekzosi, kagua plagi na oili. Mwenye gari, ukiambiwa itobolewe, uliza kwanza imezibwa na nini. Na ukinunua gari kutoka Japani, hakikisha kopo halijafunguliwa. Dereva, taa ya injini ikiwaka, usiizibe kwa selotepu.

Msongamano wa barabara ya Namanga tunaujua sote. Mama mchuuzi aliyekaa kando ya lami hana gari, lakini moshi wa magari yetu anauvuta kutwa nzima, mtoto akiwa mgongoni. Kopo langu tupu lilimwongezea sumu. Nimeweka jingine, na lilinigharimu. Nisingependa mlipie somo hili kama nilivyolilipia mimi.